Jozi za nyota jirani na Jua: ufuatilie ipi kati ya hizi tano?

Jua letu liko peke yake, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kila nyota iko hivyo. Majirani zetu wanaonyesha vingine. Mfumo ulio karibu nasi kuliko yote una nyota tatu. Nyota inayong'aa kupita zote usiku ina mwenzake. Ukienda hadi miaka ya nuru 20 kutoka hapa, utakuta nyota zinazoishi mbili mbili au tatu tatu kila upande wa anga.

Aliyepata darubini yake ya kwanza hukwama hapo, na hali kadhalika mwalimu anayetafuta jozi moja ya kufuatilia na wanafunzi: aanze na ipi? Orodha nyingi hupanga nyota kwa mwangaza au kwa umbali. Mimi naona kipimo kinachosahaulika ni muda. Nyota hizi zinazungukana, na kila jozi ina mwendo wake. Kuna itakayobadilika mbele ya macho yako ndani ya mwaka mmoja, na kuna ambayo utaifuata hadi uzee bila kuona imegeuka sana. Ukijua unataka kuona nini na una subira kiasi gani, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Nimechukua mifumo mitano: Rijili Kantori (Alpha Centauri), Shira (Sirius), 61 Cygni, 40 Eridani na 70 Ophiuchi. Nimeiacha Luhman 16, jozi ya vibete vya kahawia (vitu vidogo mno kuwaka kama nyota) iliyogunduliwa mwaka 2013 umbali wa miaka ya nuru 6.5 tu, kwa sababu bila darubini kubwa za kitaalamu huwezi kuifuatilia. Procyon nayo nimeiweka kando: mwenzake ni hafifu mno na amejibana kwenye mwanga wake, kiasi kwamba hakuonwa hadi mwaka 1896.

Vigezo

Kwanza, mahali angani. Nyota iliyo kusini sana haimfai mtu wa kaskazini, na kinyume chake.

Pili, chombo. Hapa namba mbili zina kazi. Moja ni mwangaza wa kila nyota kwa kipimo cha mag, ambacho namba yake ikiwa ndogo nyota ni angavu zaidi. Ya pili ni mwachano, yaani nafasi kati ya nyota hizo kama tunavyoiona, kwa sekunde za tao. Nyuzi moja ya anga ina sekunde 3,600 za tao, na Mwezi mpevu una upana wa takriban 1,800. Jozi yenye mwachano wa sekunde 5 inatenganishwa na darubini ndogo, ilimradi nyota zote mbili ziwe na mwangaza unaokaribiana. Moja ikiwa angavu mno, inaimeza nyingine.

Tatu, mwendo: mzunguko mmoja unachukua miaka mingapi, na je, miaka hii tuliyomo nyota ziko sehemu ya haraka au ya polepole? Mizingo hii ni duaradufu. Nyota zikikaribiana zinakimbia, zikiachana zinajikokota.

Mwendo ndio unaotupa uzito wa nyota. Chukua nafasi ya wastani kati ya nyota mbili kwa vizio astronomia (kimoja ni umbali wa Dunia na Jua), iweke kwenye kipeo cha tatu, gawa kwa kipeo cha pili cha miaka ya mzunguko. Jibu ni tungamo la nyota zote mbili, ukilinganisha na Jua. Kwa Rijili Kantori A na B (herufi hutaja nyota za mfumo mmoja, A ikiwa angavu zaidi) nafasi ya wastani ni vizio 23.4 na mzunguko ni karibu miaka 80. Fanya hesabu, utapata 2: majua mawili. Kwa nyota iliyo peke yake hatuna njia ya moja kwa moja namna hii, na ndiyo sababu wanaastronomia huzipenda jozi.

Nne, kilichomo: nyota za aina gani, zina umri wa namna gani, kuna sayari au hakuna.

| Mfumo | Umbali (miaka ya nuru) | Nyota | Mwangaza (mag) | Mzunguko wa jozi kuu |
|---|---|---|---|---|
| Rijili Kantori | 4.37 (Proxima 4.24) | 3 | 0.0, 1.3, 11.1 | karibu miaka 80 |
| Shira | 8.6 | 2 | -1.46, 8.4 | miaka 50 |
| 61 Cygni | 11.4 | 2 | 5.2, 6.0 | zaidi ya miaka 650 |
| 40 Eridani | 16.3 | 3 | 4.4, 9.5, 11.2 | maelfu ya miaka (B na C: karibu 230) |
| 70 Ophiuchi | takriban 16.7 | 2 | 4.2, 6.0 | miaka 88 |

Rijili Kantori

*Mahali.* Kundinyota la Kantarusi, kusini sana. Yeyote aliye kaskazini zaidi ya nyuzi 29 hivi za latitudo haioni kabisa, na aliye karibu na mpaka huo ataiona ikigusa upeo tu. Kwa wengine haipotei: ni nyota ya tatu kwa mwangaza katika anga zima la usiku, na pamoja na jirani yake Beta Centauri inaelekeza kwenye Salibu. Jioni za Mei hadi Julai ndizo nzuri.

*Chombo.* A na B zinatenganishwa na darubini ya sentimita 6 (hapa na kwingine, ni kipenyo cha lenzi au kioo chake). Proxima ni habari nyingine. Iko zaidi ya nyuzi 2 mbali na wenzake angani, na kwa mag 11 inakuwa nukta moja kati ya nyingi. Utahitaji ramani ya kina na darubini ya sentimita 15 hivi au zaidi.

*Mwendo.* Hapa ndipo mfumo huu unapotia hamasa. Mwanzoni mwa 2016 A na B zilionekana zimekaribiana kwa sekunde 4 tu. Tangu hapo zinafunguka, na upande zinakoelekeana nao unageuka: kati ya 2019 na 2020 pekee mstari unaoziunganisha ulizunguka kwa nyuzi 8 hivi. Badiliko la namna hiyo unaliona kwenye mchoro wa penseli. Zitaendelea kutengana kwa muda, kisha zianze kubanana tena, kwani mwaka 2035 zitapita mahali pao pa karibu zaidi, vizio 11 hivi, wakati mbali zaidi hufika karibu 36. Mara ya mwisho kupita hapo ilikuwa 1955. Anayeanza sasa atashuhudia sehemu yenye msisimko mkubwa kuliko zote katika mzunguko mzima.

Mwachano huu unaouona angani si nafasi halisi, kwa sababu mzingo umelala kwa pembe kwetu. Mwaka 1976 nyota hizi zilionekana zimeachana kwa sekunde 22. Hata hivyo zilikuwa bado hazijafika mahali pao pa mbali zaidi.

*Kilichomo.* A ni ya aina ya Jua letu, nzito kidogo kulizidi. B ni ya rangi ya machungwa, yenye tungamo la 0.91 la Jua. Proxima, iliyogunduliwa na Robert Innes akiwa Johannesburg mwaka 1915, ni kibete chekundu chenye tungamo la asilimia 12 hivi ya Jua, na inazizunguka A na B kwa zaidi ya miaka 500,000. Ina sayari, Proxima b, iliyotangazwa mwaka 2016, inayomaliza mwaka wake kwa siku 11.2. Kuhusu A na B tuwe waangalifu: sayari iliyotangazwa kwenye B mwaka 2012 baadaye ilionekana haipo, na mwaka 2025 watafiti waliotumia darubini ya anga ya Webb walieleza dalili za sayari kubwa kwenye A, ambayo bado inasubiri kuthibitishwa.

*Inamfaa* mtu wa kusini au wa karibu na ikweta mwenye darubini ndogo, anayetaka kuona badiliko bila kusubiri sana, na yeyote anayevutiwa na sayari.

Shira

*Mahali.* Mbwa Mkubwa. Fuata mstari wa nyota tatu za mkanda wa Jabari, utaifikia. Inaonekana karibu kila mahali wanapoishi watu, hasa jioni za Januari hadi Aprili.

*Chombo.* Ugumu wote wa Shira uko hapa. Shira A unaiona bila chombo chochote. Shira B ni hafifu kwa karibu mara 10,000, na imekaa ndani ya mng'ao wa mwenzake. Darubini ya sentimita 20, hewa iliyotulia, nyota ikiwa juu kabisa angani: hapo una nafasi. Wazoefu hujaribu kwanza Rijili Jabari, ambayo mwenzake yuko sekunde 9.5 kutoka kwake na ni hafifu kwa mara mia kadhaa tu. Ukishindwa kumwona huyo, usipoteze usiku kwa Shira B. Kutazama wakati wa magharibi, mbingu ikiwa bado na mwanga kidogo, husaidia, kwa kuwa mng'ao wa Shira A hupungua makali.

*Mwendo.* Mzunguko wa miaka 50, mfupi kuliko yote katika orodha hii. Katika miaka hii ya 2020 mwachano umefika kwenye kilele chake, takriban sekunde 11. Kuanzia hapa unapungua hadi miaka ya 2040, ambapo nyota zitafika karibu kabisa na B itapotelea kwenye mng'ao. Kwa hiyo mwenye nia ya kuiona kwa macho yake ajitahidi ndani ya miaka michache ijayo. Kwa upande mwingine, kwa sasa mwendo wake ni wa polepole.

*Kilichomo.* Mwaka 1844 mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Bessel alitangaza kwamba Shira haiendi kwa mstari ulionyooka. Inayumba, na lazima kuna kitu kizito kisichoonekana kinachoivuta. Miaka 18 baadaye, Januari 1862, Alvan Graham Clark alikuwa Marekani akijaribu lenzi mpya ya sentimita 47 alipoiona nukta hafifu pembeni. Mwaka 1915 Walter Adams alichunguza mwanga wake na kukuta ni nyota ya joto kali. Nyota ya moto hivyo na hafifu hivyo haina budi kuwa ndogo mno. Leo tunajua ni kibete cheupe: tungamo la Jua zima ndani ya mwili mdogo kidogo kuliko Dunia. Zamani B ndiyo iliyokuwa nzito kuliko A, ikaishi haraka, ikavimba, ikatawanya tabaka zake za nje na kubaki kiini. Sayari haijapatikana.

*Inamfaa* mwenye darubini kubwa kidogo na subira ya kushindwa mara nyingi. Asiye na chombo ataridhika pia, akitazama A huku akijua kisa cha B.

61 Cygni

*Mahali.* Kundinyota la Dajaja, kaskazini. Chukua Deneb pamoja na Gamma na Epsilon za kundi hilohilo. 61 Cygni iko karibu na pembe ya nne ya msambamba. Jioni za Agosti hadi Oktoba. Walio kusini mwa ikweta wataiona chini upande wa kaskazini, na kuanzia nyuzi 40 kusini haina maana kuihangaikia.

*Chombo.* Rahisi kuliko zote. Mwachano ni sekunde zaidi ya 30, mwangaza unakaribiana, na darubini ya macho mawili iliyowekwa imara inatosha. Zote mbili zina rangi ya machungwa, na rangi hiyo inaonekana wazi.

*Mwendo.* Kuzungukana kwao ni kwa karne nyingi, hivyo usitarajie kuona mduara. Lakini jozi nzima inasafiri angani kwa sekunde 5.2 kila mwaka, mwendo ambao Giuseppe Piazzi aliuona tangu mwaka 1804. Ndani ya miaka kumi inasogea zaidi ya sekunde 50 ukilinganisha na nyota za nyuma yake, kuliko hata nafasi iliyopo kati ya nyota zenyewe. Picha mbili zilizopigwa kwa miaka michache tofauti zinatosha kuuonyesha.

*Kilichomo.* Vibete viwili vya rangi ya machungwa, vya utulivu, vidogo kuliko Jua. Fahari yake ni ya kihistoria: mwaka 1838 Bessel huyohuyo alipima paralaksi yake (kusogea kidogo kunakoonekana Dunia inapolizunguka Jua) na kutoa umbali wa kwanza wa kuaminika wa nyota. Alipata miaka ya nuru 10.3, karibu sana na 11.4 tunayoijua. Mwanaastronomia Mskoti Thomas Henderson, aliyekuwa amepima Rijili Kantori kutoka Rasi ya Tumaini Jema miaka ya 1832 na 1833, alichelewa kuchapisha hadi 1839. Miaka ya 1940 ilidaiwa kuna sayari hapa. Dai hilo halikuthibitishwa.

*Inamfaa* anayeanza, asiye na darubini kubwa, na mpiga picha wa anga.

40 Eridani

*Mahali.* Kundinyota la Nahari, nyuzi 15 hivi magharibi mwa Rijili Jabari. Iko karibu na ikweta ya anga, hivyo inaonekana kaskazini na kusini, jioni za Desemba hadi Februari.

*Chombo.* A unaiona kwa macho penye giza. B iko sekunde 83 mbali nayo, nje kabisa ya mng'ao, na darubini ya sentimita 8 inaipata. C iko sekunde 8 hivi kutoka B na inataka sentimita 15 pamoja na ukuzaji mkubwa.

*Mwendo.* Niseme wazi, kwa mwendo huu si mfumo wako. B na C zinazungukana kwa karibu miaka 230, na zote mbili zinaizunguka A kwa maelfu.

*Kilichomo.* Lakini kwa kigezo hiki sijui jirani mwingine anayeufikia. B ni kibete cheupe, na ndicho kibete cheupe kilicho rahisi kukiona kuliko vyote. William Herschel aliiandika jozi ya B na C mwaka 1783, miaka 79 kabla ya mtu yeyote kuiona Shira B, bila kujua alichokipata. Mwaka 1910 mwanaastronomia Henry Norris Russell alimuuliza Edward Pickering, mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Harvard, kuhusu mwanga wa nyota hii hafifu. Williamina Fleming akaleta jibu: ni nyota nyeupe. Halikuingia akilini, kwa sababu nyota hafifu zote zilizojulikana wakati ule zilikuwa nyekundu.

Linganisha sasa vibete viwili vyeupe vya orodha hii. Shira B ina tungamo la 1.02 la Jua na nusu kipenyo cha kilomita 5,800 hivi. 40 Eridani B ina 0.57 tu, ilhali nusu kipenyo chake ni karibu kilomita 9,000. Chepesi ni kikubwa. Katika vibete vyeupe kadiri mada inavyoongezeka ndivyo uvutano unavyokibana kiini kikawa kidogo zaidi, kinyume na nyota za kawaida, na majirani hawa wawili wanalionyesha jambo hilo bila hesabu ngumu. C ni kibete chekundu chenye milipuko ya ghafla ya mwanga. A ni ya machungwa, tulivu. Ukitazama mara moja unaona nyota iliyo katikati ya maisha yake, nyingine iliyokwisha maliza, na ya tatu ambayo itaendelea kuwaka muda mrefu kuliko umri wa sasa wa ulimwengu. Sayari iliyotangazwa kwenye A mwaka 2018 ilikataliwa 2024, baada ya kubainika kwamba dalili zake zilitokana na uso wa nyota yenyewe.

*Inamfaa* anayetaka kuelewa maisha ya nyota, na aliyeshindwa na Shira B lakini bado anatamani kuona kibete cheupe.

70 Ophiuchi

*Mahali.* Kundinyota la Hawaa, karibu kabisa na ikweta ya anga. Jioni za Julai hadi Septemba, kwa karibu kila mtu duniani.

*Chombo.* Darubini ya sentimita 6 hadi 8 na ukuzaji wa mara 80 hivi. Mwachano wa miaka hii ni karibu sekunde 6.7, ambao ni kilele chake.

*Mwendo.* Miaka 88, unaokaribiana sana na wa Rijili Kantori, ila kwa sasa jozi iko sehemu ya polepole. Baada ya hapa mwachano utapungua taratibu.

*Kilichomo.* Nyota mbili za rangi ya machungwa, nyepesi kuliko Jua. Mwaka 1855 William Stephen Jacob, akiwa Madras, alidai mzingo wake unavurugwa na kitu kisichoonekana. Lilikuwa miongoni mwa madai ya kwanza ya sayari nje ya mfumo wa Jua, na halikuwa kweli.

*Inamfaa* mtu wa kaskazini asiyeiona Rijili Kantori lakini anataka jozi inayozunguka ndani ya maisha ya binadamu.

Uchague vipi

Kama una darubini ya macho mawili tu na uko kaskazini au karibu na ikweta, chukua 61 Cygni, uipige picha kila mwaka tarehe zilezile. Kama uko kusini kabisa, hata darubini ndogo ya sentimita 6 itakufungulia Rijili Kantori.

Kama una mpango wa miaka mitano au kumi na kundi la wanafunzi, Rijili Kantori inalipa haraka kwa wanaoiona. Kwa wasioiona, 70 Ophiuchi inataka vipimo vya makini zaidi, kwani badiliko la mwaka mmoja ni dogo.

Kama una sentimita 20 na hewa ya eneo lako hutulia, anza na Shira msimu huu huu na uiache 40 Eridani kwa baadaye. Yenyewe haiendi kokote, ilhali dirisha la Shira B linafungika kidogo kidogo. Kama hewa yako haitulii, geuza mpango, uende 40 Eridani moja kwa moja.

Kama unavutiwa na sayari, Rijili Kantori ndiyo yenye uthibitisho, kupitia Proxima, ingawa sayari yenyewe hutaiona.

Na yoyote utakayoishika, andika kila mara tarehe, ukuzaji, na pembe ya mstari unaounganisha nyota mbili, ukianzia kaskazini kuelekea mashariki. Zima mota ya darubini, iache nyota ielee: upande inakopotelea nje ya uwanja wa kuonea ni magharibi, na kuanzia hapo unaweza kupanga pembe zote.